Jozi ya juu, kika dhaifu: mwongozo kamili kwa wachezaji wa holdemu ya limiti

Unacheza holdemu, ile poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Umekaa kwenye blaindi kubwa, kiti kinacholipa beti ya lazima kabla ya karata kugawiwa, na mkononi una mfalme wa pau na tano ya uru. Hakuna aliyepandisha, yaani aliyeongeza beti juu ya hiyo, kwa hiyo umeingia bila kuongeza kitu. Flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, inafunuliwa: mfalme wa kopa, tisa ya kopa, nne ya shupaza. Moyo unaruka. Kisha jicho linarudi kwenye ile tano.

Una jozi ya juu, maana karata yako moja imelingana na kubwa kuliko zote zilizo mezani. Ila kika yako, ile karata ya pili inayoamua mshindi pale watu wawili wanapokuwa na jozi moja, ni ya kuonea haya. Mkono wa namna hii ndio uliokula vizibo vyangu vingi kuliko mwingine wowote. Mkono mbovu kabisa unautupa na maisha yanaendelea. Huu unakukalisha mpaka mwisho.

Sisi hucheza Jumapili baada ya alasiri, barazani Magomeni, watu wanane kwenye meza ya plastiki yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha tofali. Vizibo vya soda ndiyo chipu zetu, kila mtu anaanza na 100, na anayeshika mkia anaosha vyombo. Pesa hatuweki. Kuchezesha kamari ya pesa hapa nchini kunataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi hata huko kwenye leseni. Vyombo vya watu wanane waliokula pilau vinatosha kumfanya mtu afikiri kabla ya kubeti.

Viwango vyetu ndivyo nitakavyotumia humu. Blaindi ndogo ni kizibo 1, kubwa 2. Kabla ya flopu na kwenye flopu yenyewe, beti ni 2. Kwenye karata ya nne, tunayoiita tani, na ya tano, riva, beti ni 4. Kila raundi inaruhusu beti moja na kupandisha mara tatu, basi. Hiyo ndiyo maana ya limiti: beti ni kama nauli ya daladala, imeshapangwa, hupangiwi na anayejisikia. Hakuna wa kukutisha kwa kusukuma vizibo vyake vyote katikati. Na wewe pia huwezi kumfukuza mtu kwa kishindo. Kwa hiyo kazi yote ya mkono huu ni kuhesabu nauli: ulipe ngapi ukiwa nyuma, wakulipe ngapi ukiwa mbele.

Hatua ya kwanza: ingia kwa bei ndogo au usiingie

Hapa sitakawia. Kika dhaifu ina njia mbili halali za kufika kwenye flopu: umekaa blaindi kubwa na hakuna aliyepandisha, au karata zako mbili ni za aina moja, kwa mfano esi na sita zote za kopa, na watu wengi wameingia kwa bei ya kawaida. Esi na sita za aina tofauti, mtu akishapandisha mbele yako, tupa. Aliyepandisha akiwa na esi, ya kwake karibu kila mara ina mwenzake mkubwa kuliko sita, na utakuwa umelipa beti mbili kununua matatizo.

Hatua ya pili: hesabu vichwa

Kabla hujafikiria karata, angalia wangapi wamebaki. Chukua mfano wa esi. Unayo moja mkononi, moja imetokea kwenye flopu. Zimebaki mbili katika karata 47 usizoziona. Ukicheza na mtu mmoja tu, uwezekano kwamba amegawiwa mojawapo ni kama asilimia 8. Wakiwa wanne, uwezekano kwamba angalau mmoja wao anayo unafika asilimia 31. Wakiwa wanane, unapita nusu, kama asilimia 57.

Hizo ni hesabu za karata zilizogawiwa kiholela. Mezani watu hawaingii kiholela: anayepata esi huishikilia, anayepata saba na mbili hutupa. Kwa hiyo wanne walioamua kubaki wana esi mara nyingi kuliko hiyo 31. Ndiyo maana mkono uleule unaostahili kupandishwa mbele ya mtu mmoja unakuwa mkono wa kulipa kwa tahadhari mbele ya watano.

Hatua ya tatu: jozi ya juu ya nini?

Watu husema "nina jozi ya juu" kana kwamba zote ni ndugu. Si hivyo.

Ukiwa na nane na tatu, flopu ikaja nane, tano, mbili, una jozi ya juu. Lakini karata zinazoweza kuja kwenye tani zikawa kubwa kuliko nane yako ni 24 kati ya 47. Zaidi ya nusu! Kila jeki, kila malkia, kila esi ni mlango kwa mtu aliyekuwa na mkono mtupu. Hii ni jozi ya haraka: beti, pandisha, wafanye walipe sasa hivi. Tatizo lako kubwa ni karata zitakazokuja, kika inafuata nyuma.

Ukiwa na mfalme, karata za kukupita ni esi nne tu. Ukiwa na esi, hakuna. Hapo jambo linageuka: hakuna kubwa itakayoshuka kukupita, lakini aliyebaki na wewe ana sababu nzuri zaidi ya kuwa na jozi hiyohiyo yenye kika bora. Jozi ya esi yenye kika ndogo haina haraka. Mwenye jozi ya wafalme mkononi aliyeshikwa na esi ya mezani ana karata mbili tu za kumwokoa. Wewe nawe, kama mwenzako ana esi na malkia, unasubiri karata tatu tu, zile za kulingana na kika yako. Anayeongoza ameongoza, na kelele nyingi haziongezi kitu zaidi ya ukubwa wa hasara ya mmoja wenu.

Hatua ya nne: kwenye flopu, tazama anayebeti amekaa wapi

Hapa nataka tukae. Turudi kwenye mfalme na tano yangu.

Tulikuwa watano. Blaindi ndogo alikuwa kijana wa bodaboda. Mimi blaindi kubwa. Kushoto kwangu shemeji, kisha dada wa duka la dawa, kisha Mzee mmoja mstaafu wa bandarini, ambaye siku hiyo zamu ya kugawa ilikuwa kwake, kwa hiyo kila raundi alikuwa wa mwisho kusema. Watu watano mara vizibo 2: chungu, yaani vizibo vyote vilivyo katikati, kina 10.

Kijana akacheki, yaani akapitisha zamu bila kubeti. Zamu yangu. Mfalme, tisa, nne, na kopa mbili mezani.

Njia ya kwanza ni kubeti 2. Chungu kinafika 12, na shemeji analipa 2 ili kugombea 12, yaani mara sita. Akishalipa, dada anapata mara saba. Kila anayelipa anamrahisishia anayefuata. Sasa mtu mwenye jozi ya tisa ana karata tano za kumwokoa: tisa mbili zilizobaki na tatu za kulingana na kika yake. Kwake yeye karata 42 ni mbaya na 5 ni nzuri, kwa hiyo ili nauli imlipe anahitaji chungu kama mara nane na nusu. Kwa mara sita au saba, ukiongeza vile atakavyonivuna baadaye akipata, hakosei sana kubaki. Nimebeti, lakini sijamsumbua mtu.

Njia ya pili ni kucheki, nikitegemea Mzee atabeti. Nilimjua: wote wakicheki mpaka kwake, akiwa na chochote anabeti. Nikacheki. Shemeji akacheki, dada akacheki, Mzee akaweka 2. Kijana wa bodaboda akatupa. Nikapandisha: nikaweka 4.

Sasa tazama shemeji alivyokaa. Chungu kilikuwa 10, kikaongezwa 2 za Mzee na 4 zangu: 16. Shemeji, ambaye hajaweka kitu, anatakiwa kulipa 4 kwa mkupuo. Mara nne tu! Akanitazama, akatazama chungu, akatupa huku akisonya. Alikuwa na tisa na saba. Dada naye akatupa.

Hiyo ndiyo njia pekee ya kumfukuza mtu kwenye limiti: wakute wanatakiwa kulipa beti mbili kwa pamoja. Kwa hiyo kanuni ni ya viti. Ukitarajia beti itatoka upande wa mbali, kwa mtu wa mwisho, cheki kisha pandisha, ili walio katikati wabanwe. Ukitarajia mpandishaji yuko kushoto kwako karibu kabisa, fanya kinyume: beti wewe kwanza, yeye apandishe, na hao walio nyuma yake wabanwe na yeye. Ni kama konda wawili wa gari moja, mmoja mlango wa mbele na mwingine wa nyuma. Abiria hana pa kupenya.

Hatari ya kucheki ipo: wote wakicheki umewapa karata ya bure. Usiitumie kama huna uhakika kwamba kuna atakayebeti. Ukiwa na shaka, beti tu.

Na mwenye kopa mbili mkononi, anayesubiri moja tu atimize kopa tano, usijisumbue naye. Ana karata tisa kati ya 47, anahitaji chungu cha mara nne na kidogo, na hata ukimbana vipi atabaki, tena kwa haki yake. Mtoze, usimfukuze.

Hatua ya tano: tani, bei inapopanda maradufu

Mzee alilipa 2 za kuongezea. Chungu: 18. Tani ikaja saba ya uru. Shemeji akapiga paja kwa hasira, maana angekuwa na jozi mbili. Ilikuwa ni raha kumsikia.

Nikabeti 4, kama inavyopasa. Ukishaonyesha nguvu kwenye flopu, usirudi nyuma kwenye tani bila sababu, kwa sababu hapa ndipo wanaosubiri karata wanapolipa nauli nene. Mzee akarekebisha miwani. Akaweka 8.

Kwenye limiti, kupandisha kwenye tani ndiyo lugha nzito kuliko zote. Flopu ni rahisi, watu hupandisha kwa kujaribu, kwa kutafuta karata ya bure, kwa kuchangamsha meza. Kwenye tani bei imekuwa maradufu na bado kuna riva ya kulipia. Fanya hesabu kwa sauti ya ndani. Chungu kilikuwa 18, 4 zangu, 8 zake: 30. Kulipa 4 kugombea 30 kunaonekana ni bei rahisi, mara saba na nusu. Ila hesabu hiyo ina uongo ndani yake, kwa sababu Mzee atabeti tena kwenye riva. Nauli kamili ya kufika mwisho ni 8, na nitakachopata nikishinda ni 34. Mara nne na robo. Lazima niwe nashinda kama mara 19 katika kila 100.

Je, nashinda mara 19 katika 100 mbele ya Mzee huyu? Yeye hupandisha kwenye tani labda mara moja kwa Jumapili nzima. Akiwa na mfalme na malkia, nimebakiwa na tano tatu tu za kuniokoa, chini ya asilimia 7. Akiwa na jozi mbili, mfalme na tisa au mfalme na saba, hata tano haitoshi. Akiwa na karata tatu zinazolingana, kwa mfano tisa tatu, nimekwisha kabisa.

Nikatupa. Mzee kwa hisani akanionyesha: mfalme na saba.

"Kijana wangu," akasema, "kika yangu ilikuwa mbovu kama yako. Yangu imepata kazi, basi."

Hapakuwa na karata hata moja kwenye pakiti ya kunipa ushindi. Tisa mbili zilizobaki zingenipa sare, na hapo ndipo bahati yangu yote ilipoishia.

Kama aliyepandisha angekuwa yule kijana wa bodaboda, ningelipa hadi mwisho bila kupepesa. Yeye hupandisha akiwa na kopa mbili, akiwa na nusu ya mstari wa karata zinazofuatana, akiwa na furaha tu. Karata zilezile, chungu kilekile, uamuzi tofauti. Andika kichwani kila mmoja mezani hupandisha vipi kwenye tani. Taarifa hiyo ina thamani kuliko kika yako.

Kuna kosa ambalo nalikataza kabisa: kupandisha tena juu ya aliyepandisha kwenye tani, "ili nijue niko wapi". Unalipa vizibo vinne zaidi kuambiwa jambo ambalo umeshaambiwa.

Mkibaki wawili tu

Hapa sheria hulegea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakiongozwa na Michael Bowling, walitangaza kwamba programu yao Cepheus imeutatua, kwa maana ya kivitendo, mchezo wa holdemu ya limiti ya watu wawili. Wapo wachezaji wanaochukua mikakati ya namna hiyo na kuileta kwenye meza ya wanane, kisha wanashangaa. Mkiwa wawili toka mwanzo, kila mmoja anacheza karata nyingi mno, na jozi ya juu yoyote ni mkono mkubwa. Barazani, mkibaki wawili baada ya wengine sita kutupa, mwenzako ameshachujwa.

Hali inayotokea sana ni hii: mtu mmoja alipandisha kabla ya flopu, wewe ukalipa ukiwa blaindi kubwa na esi na sita za aina moja, flopu ni esi, nane, mbili za aina tofauti. Cheki, lipa. Cheki, lipa. Cheki, lipa. Inaonekana uoga, lakini gharama yake inajulikana mapema: 2, 4, 4, jumla 10. Akiwa na wafalme au akiwa hana kitu, ataendelea kukubetia mwenyewe. Akiwa na esi na mfalme, umeepuka kulipa mara mbili ya hapo. Ukipandisha na mkono huu, asiye na kitu anakimbia na mwenye kitu anakupandishia.

Hatua ya sita: riva

Ukifika riva ukiwa umelipa njia nzima, usijifanye shujaa wa kutupa. Chungu kikiwa 36, mwenzako akibeti 4, unalipa 4 kugombea 40. Ukishinda mara moja tu katika kila 11 hujapoteza kitu. Wanaosoma "sura" za watu barazani hutupa hapa kwa kujiamini, na kosa moja la namna hiyo linameza faida ya kutupa sahihi mara nyingi. Tofauti na tani: riva hakuna nauli nyingine mbele.

Upande wa pili, wewe ukiwa wa mwisho na mwenzako amecheki, beti kama unaamini anayelipa atakuwa na mkono mdogo kuliko wako zaidi ya nusu ya mara atakazolipa. Mbele ya shemeji, anayelipa na jozi ya pili kwa sababu hapendi kudanganywa, ninabeti kila mara. Mbele ya Mzee nacheki na kufunua. Na kama wewe ndiye wa kwanza kusema na mezani kulikuwa na kopa mbili ambazo hazikukamilika, cheki umwachie kijana wa bodaboda nafasi ya kudanganya, kisha mlipe.

Hatua ya saba: kabla hujatupa, hesabu karata tano

Hili watu wazima hukosea, na nimelikosea mimi. Mkono ni karata tano. Ukiwa na jozi, zimebaki tatu za kusindikiza, na hizo huchukuliwa kutoka popote, mkononi au mezani. Kika yako au ya mwenzako inafanya kazi pale tu inapoingia kwenye hizo tatu kubwa.

Jumapili moja umeme ulikuwa umekatika, tunacheza kwa taa ya chaji. Nilikuwa na esi na nne. Mezani: esi, mfalme, jeki, nane, mbili. Nimelipa mpaka riva, chungu kimefika 44. Shemeji akafunua esi na saba, akasema, "Kika, shemeji, kika!" Nikaona saba yake, nikaona nne yangu, nikazisukuma karata zangu chini chini kwenye lundo la zilizotupwa.

Mzee ndiye aliyeguna. Akanyoosha kidole mezani, taratibu: esi mbili, mfalme, jeki, nane. Hiyo ndiyo tano ya shemeji. Saba yake ilikuwa ndogo kuliko nane ya mezani, haikuingia popote. Na tano yangu ilikuwa hiyohiyo. Sare. Vizibo 22 vilikuwa vyangu. Ingekuwa kumi badala ya saba, hapo angenishinda kweli, maana kumi inaipiku nane.

Nikaomba karata zangu. Lundo lilikuwa limeshavurugwa, na sheria yetu ya barazani ni kwamba karata iliyogusa lundo imekufa. Tangu siku hiyo hulaza karata zangu zikitazama juu na kuacha meza nzima isome. Shemeji alishakusanya vizibo vyote 44 kwenye kofia yake na alikuwa anauliza zamu ya kuchanga ni ya nani.